Kengele ya Mama Daudi

Toronto, Jumapili, Februari 1998. Theluji ya jana imekuwa barafu. Jua lipo, lakini ni la kutazama tu, halina kazi.

Nina miaka sabini na sita. Nimewakuta Wabelgiji na bendera yao na nimewaona wakiondoka nayo. Waasi wa mwaka wa sitini na nne walipita, nikabaki. Zaire yenyewe imepita, nimebaki, maana nchi niliyoikimbia siku hizi haina tena jina hilo. Nimewazika watoto wawili. Meno ya mbele yameniacha zamani. Na Jumatatu Mama Daudi, mke wangu, amepita, nami nimebaki.

Hilo la mwisho sikuwa na haja nalo.

Naandika kwa penseli, herufi kubwa kubwa, kwa sababu shule niliiacha mapema na shule haikunifuata. Neema, mke wa mwanangu Daudi, ndiye anayechapa haya kwenye kompyuta yake na kuyaweka kwenye intaneti. Anasema hata mtu wa Norwe anaweza kunisoma. Sijui Mnorwe atafanya nini na habari zangu, lakini asome. Neema nimemkataza kunyoosha maneno. Yaandikwe kama yalivyotoka.

Mimi ni kengele ya kanisa. Kijijini kwetu, milimani juu ya Uvira, kengele yetu ilikuwa ringi ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye nguzo, unaigonga kwa chuma. Wazee walinikabidhi nikiwa kijana, na hakuna aliyeigonga vizuri kabla yangu wala baada yangu. Hiyo si kujisifu, watu wanajua.

Waasi walipokuja walisema kengele inawaita askari wa serikali, basi isigongwe. Jumapili ikafika, nikagonga. Wakanitoa meno mawili kwa kitako cha bunduki. Jumapili iliyofuata nikagonga tena, mdomo umevimba kama papai. Watu wetu mpaka leo wanalisimulia jambo hilo kwenye sherehe, na mimi huwa ninawasahihisha wakipunguza.

Lakini kuna kitu hawakisimulii. Mama Daudi alikuwa bado bibi harusi wakati ule, maana nilichelewa kuoa. Siku ile ya pili alisimama pembeni ya nguzo akiwa ameshika kikombe cha maji ya chumvi, ya kuniosha mdomo wakimaliza kunipiga. Alikuwa anatetemeka mpaka maji yanamwagika, na hakuondoka. Wanasifu ujasiri wangu. Mimi nilikuwa na chuma mkononi. Yeye alikuwa na kikombe.

Hapa Dixon Road tunakaa kwenye jengo refu. Ukining'iniza ringi ya lori kwenye roshani, polisi watafika kabla ya waumini. Kwa hiyo hapa napiga simu. Kila Jumapili asubuhi napigia nyumba moja moja, zote za kanisa letu, Wakongo na Warundi, wa humu jirani na wale waliojificha kwenye vyumba vya chini vya nyumba za watu kule Brampton, mji wa jirani. Namba ziko kichwani. Mtu akishika simu nasema, "Kengele." Naye anajibu, "Tumesikia." Basi, nakata, naenda nyumba nyingine.

Mtasema watu wazima wanaijua Jumapili bila kuambiwa. Hamjafanya kazi za hapa. Mtu ametoka kiwandani alfajiri, mwingine ametoka kulea wazee wa watu usiku kucha, na kanisa ni mchana, kwenye chumba cha chini tunachokodi kwa wazungu. Usipomwamsha halali kidogo, analala kabisa. Mwaka jana nilishikwa na mafua, sikupiga. Mchungaji alihubiria viti. Alikuwepo mke wake, na rafiki yangu Yeremia, ambaye huja hata asipoitwa kwa sababu hana mahali pengine pa kubishana.

Kabla ya simu zote, nyumba ya kwanza ilikuwa yangu. Nilikuwa nachukua sufuria ya ugali na kijiko cha chuma, nasimama jikoni, namgongea Mama Daudi aliyekuwa bado kitandani. Kila Jumapili. Alikuwa anasema kutoka chumbani, "Baba Daudi, Mungu si kiziwi, na mimi pia si kiziwi." Mimi namjibu kengele ni kengele. Halafu jirani yetu, Mama Hawa, Msomali aliyekulia Mombasa, anagonga ukuta upande wa pili kunitukana kwa ngumi. Ndivyo ilivyokuwa Jumapili yetu.

Jumatatu moyo wake ulisimama, hospitalini, nikiwa nimeshika mguu wake kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa.

Neema ndiye aliyewapigia watu, analia, na wote wakajua siku hiyo hiyo. Ijumaa tukamzika. Mahali pa mazishi palikuwa pazuri, zulia linalomeza hatua, maua, bwana mmoja wa koti jeusi anafungua milango kabla hujaigusa. Kila mtu aliniambia mazishi yalikuwa mazuri sana. Mimi nilikuwa nasikiliza. Nilisikiliza toka mwanzo mpaka mwisho, sikujua nasikiliza nini, mpaka udongo ulioganda ukaanza kuangukia jeneza.

Mama Daudi alikuwa anazikwa bila kengele.

Kwetu kengele ya msiba hutangulia jeneza. Si kama ya ibada inayogongwa haraka haraka. Unagonga mara moja. Unangoja mpaka sauti ife kabisa, uisikilize ikifa. Kisha unagonga tena. Watu shambani wanaacha jembe, wanajua, wanakuja. Nimewagongea wafu wa kijiji kizima. Nilimgongea hata jamaa aliyeniibia mbuzi, na nilimgongea vizuri. Mke wangu mwenyewe, hapana.

Niseme na hili, kwa kuwa nimeshaanza. Tangu Jumatatu sijaomba. Mimi. Watu wa kanisa letu wanajua maombi yangu, chakula kinapoa, watoto wanasinzia, Mama Daudi alikuwa ananifinya paja chini ya meza nifike Amina. Sasa nafungua mdomo na hakuna kitu ndani. Sijamkasirikia Mungu. Ningemkasirikia ningekuwa na la kusema.

Jana Mchungaji alikuja na mke wake na sahani ya sambusa. Ni mtu mwema, kijana bado, kwangu mimi hajafika umri wa kunifundisha, lakini ni mwema. Akasema, "Mzee, kesho pumzika. Tutatafuta mtu mwingine awapigie watu." Nikamwambia kengele haipumziki. Akasema, "Lakini wewe si chuma, Mzee."

Nikaingia kulala nimeamua sipigi. Kanisa likae tupu Jumapili moja, Mungu aone pengo la mtu mmoja lilivyo.

Ndiyo, niliwaza hivyo. Neema, usifute.

Leo nikaamka saa yangu ile ile. Mwili haujui mambo. Mkono ukaenda kwenye sufuria wenyewe, nikaurudisha. Nikakaa kwenye kiti kando ya simu, si kwa kupiga, ni kwa kukaa tu. Nikafikiria chumba kile cha chini, viti, Mchungaji anajifanya kutafuta mlango wa Biblia ili wachelewaji wafike. Nikafikiria Jumapili ile ya waasi, mdomo ukiuma. Sikuwa na maneno siku ile pia. Nilikuwa na mkono.

Basi nikachukua simu nikampigia Yeremia, maana yeye ndiye wa kwanza siku zote. Ikalia mara moja kule Brampton. Nikajua akishika nitatakiwa kusema "Kengele". Nikaweka simu chini.

Nikakaa. Ule mlio mmoja ulibaki sikioni, ukapungua, ukaisha.

Hapo ndipo nikatambua nilichofanya.

Nikapiga nyumba ya pili. Mlio mmoja, nikakata, nikangoja. Ya tatu. Nikaenda nyumba zote hivyo, kisha nikarudi mwanzo. Safari hii Yeremia alikuwa amenivizia, akashika kabla haijalia vizuri. "Baba Daudi, ukinipigia na kukata kama msichana anayemwogopa baba yake, nitakuja huko nikukate masikio." Nikakata. Nilipomrudia mara ya tatu, simu ililia mara moja na hakuna aliyeigusa, na mimi namjua Yeremia, simu analala nayo kando ya kichwa. Tumetoka kijiji kimoja. Nikajua amesikia.

Mama Hawa aliingia katikati ya haya na birika la chai ya tangawizi. Akanitazama napiga, nakata. "Mzee, asubuhi yote hii unawachezea watu simu?" Nikamweleza kwa kifupi, ni kengele ya mke wangu. Alijimiminia kikombe, akakaa kwenye kiti cha Mama Daudi, ambacho tangu Jumatatu hakuna aliyethubutu kukikalia, akasema, "Haya, endelea." Akakaa mpaka nikamaliza, midomo yake inatembea kwa sala ya kwao. Mimi sina la kumfundisha Mama Hawa juu ya kumwita Mungu. Nilikuwa nafikiri ninalo.

Daudi akatupeleka kanisani kwa gari lake. Nilikuwa najiambia kwamba hawatakuja. Warundi hawajui kengele yetu, watadhani ni watoto wanacheza. Wengine watalala.

Chumba kilikuwa kimejaa mpaka ngazini.

Kuna waliokuja na viatu vya kiwandani. Dada mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha kuku alikuwa bado na wavu wa nywele kichwani, na hakuna aliyemwambia. Mama mmoja wa Bujumbura akakiri kwangu mlangoni kwamba alidhani simu yake imekufa, akaipiga kofi, mpaka mke wa Yeremia alipomweleza. Yeremia mwenyewe alinipokea kwa dharau kama kawaida. "Mzunguko wa mwisho uliharakisha. Hukuiacha sauti ife." Nikamwambia masikio yake ndiyo yamezeeka. Halafu akashika mkono wa koti langu na hakuuachia ibada nzima, mzee na ndevu zake.

Mchungaji akaniita nifungue kwa maombi. Nadhani alitaka kunipa heshima. Nikaona watu wakijiweka sawa, wengine wakaegemea ukuta, wakijua itakuwa safari ndefu.

Nikasimama mbele. Nikashika mgongo wa kiti.

Nikafungua mdomo na kulikuwa vile vile, kutupu. Nikangoja. Mtoto akakohoa. Niliona Mchungaji akianza kuinuka kunisaidia, na mimi kusaidiwa sipendi, nikamtazama, akakaa. Nikazidi kusimama. Nilifikiri, Mungu, nimefika, hiki ndicho nilicho nacho, mwili huu na miguu hii, kama unahitaji maneno tafuta kwa mwingine.

Yeremia ndiye aliyeanza. Alisema polepole, kama mtu anayejibu simu, "Tumesikia."

Mke wake akasema, "Tumesikia." Kisha yule wa wavu wa nywele. Kisha Warundi. Ikaenda mpaka ngazini, mmoja mmoja, sauti za wanaume zikiwa zimekauka, na ilipofika mwisho ilikaa kidogo ndipo ikafa. Niliisikiliza ikifa.

Nikarudi nikakaa. Ni sala fupi kuliko zote nilizowahi kusimamia, na mimi sikuisema.

Sasa ni jioni, Daudi na Neema wamelala kidogo, wamechoka. Sitawadanganya eti moyo umepona. Kitanda ni kikubwa. Harufu ya mafuta yake ya nazi iko kwenye mto na sitaki mtu aufue. Na kuomba bado sijaweza, nimejaribu tena baada ya kula. Lakini Jumapili ijayo nitapiga simu, kengele ya kawaida, ile ya haraka, na Mchungaji asinitafutie mtu. Nikipona nitaomba, nisipopona nitagonga. Mungu alinichukua hivyo tangu mwanzo, hakunichukua kwa sababu ya shule.

Sufuria sikuigonga leo. Hiyo bado.

Anayesema nimeongeza chumvi akamwulize Yeremia kule Brampton, atapinga kila kitu halafu atakubali. Amwulize Mchungaji. Na amwulize Mama Hawa, mlango wa pili kutoka lifti, huyo hana sababu ya kunipendelea, miaka yote amenipigia ukuta kwa kelele zangu. Leo alipokuwa anaondoka nilimwuliza aliletaje chai mapema vile. Akasema aliamka, akalala macho wazi akingoja sufuria, hakuisikia, basi akavaa viatu akaja.