Kwa Nini Alificha Gomesi

Busia, upande wa Uganda

Dada Ester,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na goti lake? Bado anakataa fimbo? Huku sisi wazima, ila mvua inatutesa. Wiki nzima nimeuza mitumba huku mkono mmoja umeshikilia turubai.

Nimekaa chini kukuandikia kwa sababu kwenye simu habari hii ningeikatakata.

Unajua kikundi chetu cha maigizo hapa kanisani. Hapa kuna Wasamia, Wajopadhola, Wateso, na Wakenya wanaovuka kila asubuhi, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Basi mimi Mtanzania nikafanywa mtunzi. Nikatunga mchezo wa dada wawili. Mdogo anaolewa. Asubuhi ya harusi mkubwa, ambaye hakuwahi kuolewa, anamfichia gomesi, lile gauni la huku lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana kiunoni. Nyumba nzima inahangaika. Mwishowe anabanwa, analitoa, anamtupia mdogo wake miguuni na kwenda zake. Nikaona nimemaliza kazi.

Nafasi ya dada mkubwa nilimpa Nyaketcho, mama wa Kisoko anayeuza karanga za kusaga jirani na meza yangu. Siku ya kwanza ya mazoezi akasimama katikati ya ukumbi.

"Huyu mudada naficha gomesi kwa nini?"

"Wivu," nikamwambia.

"Wivu peke yake?"

Wandera, kijana wa upande wa Kenya anayeigiza baba yao, akacheka. "Mama, hiyo ni roho mbaya tu. Twende kazi."

"Hapana. Mtu nakuwa na wivu na bado napenda. Labda naficha ndiyo mudogo asiondoke."

Ester, swali lile lilinikaa kichwani. Kesho yake sokoni nikamuuliza limetoka wapi. Aliendelea kupima karanga huku akizungumza.

"Sisi tulikuwa wawili. Baba aliweza kusomesha mmoja. Athieno, mudogo wangu, nakwenda shule, mimi nabaki kwa shamba. Sasa ni mwalimu kule Nagongera. Mama akiugua, Athieno natuma dawa, yeye mwenyewe hakuji. Yeye najidai."

"Kwa hiyo unamchukia?"

Alifunga mfuko wa karanga kwanza. "Mpaka leo, mutoto akipita na yunifomu, naangalia kama kola imekaa vizuri, kama zamani ile ya Athieno."

Jumapili ya mchezo watu walijaa. Hatukujua kwamba Athieno naye yumo, kaalikwa na mwalimu mwenzake. Ikafika zamu ya Nyaketcho kulitupa gomesi. Akalinyanyua, na mkono ukabaki hewani. Kisha yeye mwenyewe akamvika bibi harusi, akapiga magoti, akaufunga mshipi na kuukaza. Bibi harusi akaguna. Watu wakacheka. Akakaza tena, na kicheko kikaisha. Halafu akaulegeza polepole, akampangusa vumbi begani, akaondoka. Hakutamka hata neno moja nililomwandikia.

Tukiwa bado tunakunja mapazia, Athieno akaja nyuma ya jukwaa. Waliongea Kijopadhola, sikuelewa kitu, ila niliona Athieno akilia na Nyaketcho akimtazama kama mgeni. Nyaketcho ndiye aliyenisimulia baadaye. Mdogo wake alimuuliza, "Ulikuwa unamfunga kwa upendo au ulitaka asipumue?" Akamjibu, "Yote mawili." Ndipo Athieno akasema kwamba hajawahi kukaa mbali kwa kiburi. Alikuwa anaona aibu. Kila akiitazama mikono ya dada yake, analiona shamba lililomsomesha.

"Na mimi," Nyaketcho akaniambia, "miaka yote nilidhani yeye naona hii mikono yangu ni michafu."

Jioni ile ile walipanda boda boda moja kwenda Kisoko kwa mama yao. Meza ya karanga haikufunguliwa Jumatatu. Jumanne akarudi, nikamuuliza mambo yamekwendaje.

"Tumeshagombana. Yeye nataka kufundisha mimi kupika uji wa mama!" Alisema hivyo huku akicheka hadi akashika mbavu.

Nisalimie mama, na shemeji fundi baiskeli, na mjomba mpiga kengele, na wale mapacha wako wasiotaka kuzungumza nami kwenye simu. Mume wangu anawasalimu wote.

Na wewe dada, kuna jambo nataka kukuuliza, si kwa lawama. Asubuhi nilipoondoka nyumbani, nawe unabaki na mama, ulinipangia begi, ukalipangua, ukalipanga upya, ukalipangua tena, mpaka kondakta akaanza kupiga kelele. Siku ile nilidhani ni zipu tu inasumbua. Ulikuwa na nini moyoni? Nijibu kwa barua, hata kama majibu yako ni zaidi ya moja.

Ni mimi mdogo wako,
Rehema