Spana Namba Kumi na Moja Imepatikana, Baba

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotutoka ghafla asubuhi ile, ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu vya kazi. Kiatu kimoja ulikuwa umeshakifunga.

Uliingia karakana ya makumbusho ukiwa kijana, hukutoka tena. Ndege za kivita ambazo jeshi lilizitupa nyuma ya uzio, popo wakahamia ndani yake, wewe ulizifufua moja baada ya nyingine. Ile ya mwisho, ya mafunzo, yenye viti viwili na propela ya mbao, ilikula miaka yako tisa. Mama aliiita mke mwenzake. "Haya nenda, mwenzangu asije akanuna," alikuwa akikuambia akikukabidhi chakula chako cha mchana, nawe unacheka mpaka unakohoa.

Wenzako walikuita Mzee Kagua. Kila kifaa kilikuwa na mahali pake kwenye ubao wa ukutani, umekichorea umbo lake kwa rangi nyekundu, na hakuna sehemu ya ndege iliyofungwa kabla ubao haujajaa. Ulituambia mara mia: kifaa kikisahaulika ndani, kinaweza kubana nyaya za usukani, rubani akavuta na ndege isisikie. Ndiyo maana ulituchelewesha kwenye harusi ya jirani, ukitafuta bisibisi iliyokuwa mfukoni mwako mwenyewe.

Sasa tuungame. Wiki moja baada ya mazishi tulikwenda karakana, kila mmoja akachukua kitu chako cha kumbukumbu. Mama alichukua nyundo ndogo, mwanao wa kwanza koleo, mdogo wako bisibisi ndefu. Binti yako, uliyemfundisha kazi, ndiye aliyetufungulia mlango, naye akachukua tochi. Tukauacha ubao na mapengo kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza. Hakuna aliyehesabu.

Mwezi uliopita ndege yako ilikuwa tayari kuruka, na binti yako ndiye aliyepaswa kutia saini. Wageni wamekaa, rubani mstaafu ameshavaa kofia. Binti yako akatupia jicho ubaoni, akaanza kuhesabu mapengo. Alitupigia simu mmoja mmoja, turudishe tulivyochukua. Kufika saa tano tulikuwa tumerudisha kila kitu. Mapengo yalikuwa matano, vitu vinne. Spana namba kumi na moja haikuwepo.

Lawama zilimwangukia mdogo wako, maana vitu vya watu vikiingia kwake havitoki. "Shemeji, safari hii mnanionea," alimwambia Mama. "Nilichukua bisibisi tu. Nipekueni!"

Mkuu wa karakana alikuwa anatazama saa. "Dada, spana moja? Sakafu ya ndege aliifunga baba yako mwenyewe, mwezi mmoja kabla hajafariki. Kitabu hiki hapa, ameandika kwa mkono wake: vifaa vyote vipo. Unamtilia shaka Mzee Kagua?"

"Simtilii shaka," binti yako alijibu. "Nahesabu."

Akapanda, akaanza kufungua sakafu ya chini ya kiti cha nyuma. Skrubu thelathini na mbili. Wageni walianza kunong'ona, wengine wakaaga. Sisi tulisimama pembeni tukiomba isiwe humo, Baba, tena tuliomba kwa moyo wote. Binti yako aliingiza mkono mpaka begani, akatulia. Spana ilikuwa imelala juu ya waya wa usukani, imebakiza kidogo tu ijipenyeze kwenye kapi, kigurudumu kinachouongoza waya huo.

Mkuu wa karakana alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Itie mfukoni. Tutasema ilikuwa chini ya meza. Mzee wetu asichafuliwe."

Hatutakudanganya, binti yako alitaka kuitia mfukoni. Sisi sote tulitaka. Lakini rubani alikuwa amevua kofia, anamtazama. "Mwanangu," alisema, "mimi ndiye ningekaa juu ya hiyo spana."

Binti yako akavuta kitabu, akaandika: Spana namba kumi na moja imepatikana chini ya kiti cha nyuma. Iliachwa na baba yangu. Akatia saini, kisha akalia mbele ya watu bila kujificha. Safari ikaahirishwa.

Jioni, nyumbani, hakuna aliyegusa chakula. Mama akaisukuma sahani yake pembeni. "Nilijua," alisema. "Miezi minne alikuwa anasahau mambo. Aliniapisha nisiwaambie, la sivyo kazini wangemnyang'anya spana." Akaenda chumbani, akarudi na karatasi aliyoikuta kwenye mfuko wa ovaroli yako alipokuwa akiifua mara ya mwisho.

Tulikukasirikia, Baba, na ni vizuri ujue. Mtu angeweza kufa. Hasira ile haijaisha yote, hata baada ya ndege yako kuruka wiki iliyofuata na kutua salama. Lakini tulipoisoma karatasi, tulikuonea huruma ya kutupasua moyo. Ulihangaika peke yako, na sisi tulikuwa chumba cha pili.

Leo tunaokukumbuka tunajitaja kwa maneno ya karatasi ile, kama ulivyotupanga:

Mke wangu. Usimuulize jambo mara mbili, ataogopa.

Mwanangu wa kwanza. Mrefu, sauti kubwa.

Binti yangu. Ana kovu kidoleni. Anajua kazi kunishinda, sijamwambia.

Mdogo wangu. Mdai bisibisi, lakini taratibu.

Wajukuu wawili. Mkubwa msichana, mdogo mvulana.

Uliogopa usije ukatusahau. Tupo wote, Baba, hakuna aliyekosekana, na sisi hatutakusahau.