Lori Lisilo na Utingo

Jumatatu, 4 Novemba
Nimekabidhiwa lori jipya! Linajiweka lenyewe katikati ya mistari ya barabara, linafunga breki lenyewe. Kazi yangu, kwa maneno ya dada Irene aliyetumwa kutufundisha, ni kukaa macho. Basi! Kuna kamera juu ya dashibodi inanitazama usoni, na usukani unajua kama umeshikwa. Ukisinzia au ukiachia, linalia. Likishindwa kuiona njia linalia zaidi — hapo nilichukue mwenyewe, upesi. Irene alisema gari ni msaidizi, dereva bado ni sisi. Sudi, dereva mwenzangu, akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona msaidizi anayemfokea bosi wake. Nikacheka. Irene hakucheka.

Alhamisi, 7 Novemba
Wamemwachisha kazi Rashidi. Utingo wangu miaka yote hii! Ati lori hili halihitaji utingo. Nani kawaambia utingo ni wa kufunga turubai tu? Rashidi alinipigia porojo kutoka Masasi hadi bandarini Mtwara — za jando, za wake zake, uongo mtupu — na nikisinzia, kofi la bega. Tumeagana mtaani Chikongola. Akaniuliza sasa nitaongea na nani. Nikamjibu: na mashine. Imeniuma sana.

Jumanne, 12 Novemba
Masasi kwenda na kurudi. Korosho hadi juu. Usingizi, mama yangu! Zamani mikono ilikuwa na kazi. Leo nimeshikilia usukani unaozunguka wenyewe, sina la kufanya, sina wa kuongea naye. Likalia nikazinduka. Njia panda ya Nanganga nilikuwa nimeshaipita na sikumbuki kuipita. Sikumbuki kabisa! Jasho lilinitoka.
Irene kasema nikichoka nisimame, nilale. Bosi kasema mzigo ufike kabla meli haijaondoka. Wakae chini wakubaliane.

Ijumaa, 15 Novemba
Nimepata dawa! Leo nimeandika humu njiani, gari likienda. Daftari juu ya usukani, mkono juu ya daftari. Usingizi wote umekwisha. Na lori — kimya! Kamera inaona macho yamefumbuka, uso uko mbele. Usukani unahisi mkono. Linadhani natazama barabara. Nimecheka peke yangu kama kichaa.

Jumatatu, 18 Novemba
Irene kanisifu mbele ya wenzangu. Ati lori langu halilii, niwe mfano. Sudi, ambaye lake linamlilia kutwa, akataka siri. Nimemwambia nalala mapema.
Halafu mchana huohuo, kijijini Mpapura. Breki zimejifunga ghafla, kalamu ikaniruka. Nainua kichwa — mama na ndoo yake ya maji, mbele ya bampa kabisa, kanitumbulia macho. Sikuwa nimemwona. Lori ndilo lililomwona. Nilishuka kumwomba radhi. Akanijibu tu kwamba Mungu ameepusha, ila niangalie ninakokwenda.
Siandiki tena njiani. Naapa.

Alhamisi, 21 Novemba
Nimeapa bure. Jana bila daftari nimesinzia mara mbili. Sasa bora lipi? Naandika. Kidogo tu, pale barabara inaponyooka.

Jumatatu, 25 Novemba
Raheli yuko pembeni yangu! Nimemchukua mke wangu kwa mama yake, Masasi, akajifungulie hospitali Mtwara. Mimba mbili za kwanza ziliharibika. Hii imefika mwezi wa tisa. Naogopa hata kuisema kwa sauti. Abiria hawaruhusiwi humu, lakini kamera inanitazama mimi tu.
Tulipotoka aliniona nimetoa daftari akauliza, Isaya, nani anaendesha? Nikamwambia lala, mama, hili gari lina akili kuliko mimi. Kalala kweli. Mkono juu ya tumbo, mdomo wazi kidogo. Jinsi anavyoniamini, jamani!
Mvua ya kwanza imetukuta. Nzito. Udongo mwekundu umeteremka barabarani, mistari siioni. Lori nalo linayumbayumba kidogo, linatafuta njia. Litaiona. Tumeanza mteremko wa Mikindani, tani zote hizi mgongoni. Karibu nyumbani.
Akiwa wa kike mimi nataka Glory. Raheli anataka Theresia, jina la mama yake. Tulibishana hadi Nanganga, ndipo akalala. Nikiwaza vizuri, Theresia si baya. Akiamka nitamwambia ameshinda, atafurahi huyo —
Linalia. Maandishi mekundu kwenye kioo: SHIKA USUKANI. Mkono si huu hapa juu yake?
Linalia tena, kwa ukali. Halijawahi kulia hivi.
Raheli kaamka. Anaita jina langu, anauliza kuna nini. Nimemwambia si kitu, namalizia mstari huu