Upande Asiouona Kaka

3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Pole na safari. Mimi mzima, ila shingo inauma kwa kuinamia mashine. Chuoni tunapimana macho wenyewe kwa wenyewe. Nimeshamtia mwenzangu kidole jichoni mara mbili. Nikipita mtihani wa mwisho, nasajiliwa kuwa mpimaji macho kamili.

Majibu ya macho yako niliyoyapima siku ile ulipopita na lori nimemwonyesha mkufunzi. Kaka, anasema dalili zote ni za presha ya macho. Mbele unaona vizuri mno, lakini pembeni pamefungwa, kushoto zaidi. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinaokolewa kwa dawa ya matone. Nenda kwa daktari wiki hii. Na usukani uache.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Miaka ishirini barabarani sijagonga hata kuku, leo uniambie niache usukani? Mashine za kufundishia huchoka. Soma, upasi, upime wagonjwa. Mimi si mgonjwa.

Kaka yako

21 Machi

Kaka,

Shikamoo. Simu hupokei. Mkufunzi kaniuliza, "Angekuwa mtu baki, ungemwambiaje?" Nikajibu, "Hivyo hivyo." Akasema, "Basi umefanya kazi yako." Nikaenda kulia chooni. Nikasirikie utakavyo, ila usiendeshe.

Mdogo wako anayekupenda

30 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi yako anakusalimu sana. Nisamehe kwa kimya.

Mwezi uliopita nilikuwa narudisha lori nyuma pale yadi. Mlinzi alikuwa kushoto kwangu, karibu kabisa, nami sikumwona. Aliruka, kiatu chake kikabaki chini ya tairi. Yeye alicheka, mimi nilizima injini na sikuiwasha tena siku hiyo. Kesho yake nilimkabidhi bosi funguo, nikaenda kwa daktari na karatasi ya majibu uliyoniandikia. Akauliza, "Nani kaandika haya?" Nikasema, mdogo wangu. Akasema, "Kaandika sawasawa."

Sasa niko ofisini, nawapangia wenzangu safari. Wifi yako ananitia matone asubuhi na jioni, kanishika kidevu kama mtoto mchanga.

Nilikasirika kwa sababu nilijua unasema kweli, na sikuzoea kukatazwa kitu na wewe. Madereva saba hapa wanataka uwapime ukija likizo. Nimewaambia wajiandae: huyo habembelezi mtu.

Kaka yako