Kuku Aliyekatiza Posa ya Dada Yangu

Cholula, Jumanne, tarehe 14 Oktoba

Mpendwa Bi Refugio,

Nakuamkia kwa heshima, na kabla sijaandika zaidi naahidi kukueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha hutuambia kwamba anayeomba ushauri huku akificha nusu ya habari hurudishiwa nusu ya ushauri. Ukiichapisha barua hii, usilifiche jina langu. Nilipolaumiwa lilitajwa mbele ya watu kumi na wanne, basi na litajwe tena.

Naitwa Yolotzin Cuautle, nina miaka kumi na mitano, na mimi ndiye ninayepika chakula cha jioni nyumbani tangu mama alipoanza kazi kwenye karakana ya kushona, maana yeye hurudi saa moja amechoka, na baba hurudi kutoka kwenye tanuri la matofali ana njaa ya watu wawili. Sipiki makubwa. Jumatatu ni mapaja ya kuku kwenye mchuzi wa nyanya za kijani. Jumatano namlaza kuku kwenye maji ya machungwa, kitunguu saumu na pilipili kavu zilizosagwa, halafu namwoka mpaka ngozi iwe nyekundu na kingo zianze kuungua kidogo, na hapo ndugu zangu hugombania mabawa. Na siku nikichelewa kutoka shuleni napika tinga, kwa sababu hakuna kitu rahisi kama tinga: unamchemsha kuku na kumchambua nyuzinyuzi, unakaanga vitunguu vingi, unamimina nyanya zilizosagwa pamoja na pilipili za chipotle, zile zilizokaushwa kwa moshi, unaacha mchuzi ukauke, kisha kila mtu anajipakulia juu ya tortila, chapati ya mahindi, iliyokaangwa, na krimu na jibini juu yake.

Tinga hiyo ndiyo iliyomleta Leobardo. Dada yangu Anahí anauza kwenye duka la dawa na alikuwa akibeba kiporo changu kwa chakula cha mchana, naye Leobardo anauza rangi duka la pili, siku moja akaonjeshwa, na tangu siku hiyo dada hakuwahi tena kula kontena lake peke yake. Kwa hiyo wazazi wa Leobardo walipotuma habari kwamba watakuja kuposa Jumapili ya tarehe tano, dada akasema hataki mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na kakao, wala nyama ya kuchoma, anataka tinga ya mdogo wake. Bi Refugio, nilifurahi mpaka nikashindwa kusoma jiografia.

Shangazi Domitila hakufurahi. Yeye ndiye dada mkubwa wa baba na mama wa ubatizo wa Anahí, na alikuwa ameshajiandaa kupika mole yake. Asubuhi ile aliingia jikoni na kucha mpya za bandia, ndefu, zenye vijiwe vya kung'aa, akanitazama nikiwa na kuku watatu mezani, akasema, "Kwa hiyo wageni wa posa wanalishwa chakula cha Jumanne?"

Hapa ndipo penye aibu yangu. Nilikasirika. Ilikuwa kama dakika tano hivi, na mdomo wangu, mama anasema, hauwezi kuficha kitu.

Bibi akagawa kazi. Mimi nichambue kuku na kukata vitunguu, mama achome nyanya, na shangazi atoe mbegu na mishipa kwenye pilipili ishirini za chipotle. Nilisema, "Shangazi, hiyo niachie mimi, utaharibu kucha." Akanijibu, "Lete hapa. Nimechambua pilipili tangu hujazaliwa, na mama yako hajajua kusuka nywele." Basi nikamwachia, naye akaketi upande wa dirishani, akanipa mgongo. Baadaye alizisaga mwenyewe kwenye blenda, akamimina kwenye chungu, akaniambia, "Nenda kaoge, unanuka vitunguu, wageni watafikiri wanakuja kuposa soko." Nikaenda kuoga. Sikuonja, Bi Refugio. Nilikuwa na nywele za kukausha, nikaamini kwamba wakubwa wameshaonja.

Wageni walifika wamechelewa saa nzima na kapu lao la mikate, chokoleti na matunda, limefunikwa kwa kitambaa kilichotariziwa, na shangazi alipolipokea mlangoni alilia kwa furaha, akawa anajifuta machozi kwa ncha za vidole, taratibu, ili kucha zisimkwaruze, na kila mtu aliguswa. Kwa desturi yetu maneno ya posa hutangulia na chakula hufuata, lakini shangazi akasema watoto wana njaa, tule kwanza. Tukala kwanza.

Mjomba wa Leobardo alionja, akasema, "Huyu kuku amekufa kwa kuchinjwa au kwa kuungua?" Watoto wakaanza kulia. Bi Casilda, mama yake Leobardo, alinyanyua glasi ya maji na baba akapiga kelele, "Maji hapana, yatazidisha! Mpeni chumvi!" Mimi niliweka tonge mdomoni nikahisi ulimi unasimama. Mzee Fulgencio, baba yake Leobardo, ni mtu wa heshima zake, hakulalamika, alimaliza sahani nzima huku jasho likimtiririka, akafuta masharubu, akasimama kuposa.

"Bwana Cuautle," akasema, "mimi na mke wangu tumekuja kwenye nyumba hii yenye, kwi!, yenye baraka, kuomba ua moja, kwi!, ua moja la bustani…"

Kwikwi haikumwacha. Alianza upya mara nne. Bibi akampa chumvi, baba akampiga mgongo, na kaka yangu mdogo akacheka, na akishaanza yeye hakuna anayemzuia. Mzee Fulgencio aliketi bila kumaliza. Bi Casilda akasimama, macho mekundu, akasema, "Kama hamtaki kututolea binti yenu mngetuambia kwa mdomo. Hapakuwa na haja ya kutuchoma."

Hapo shangazi akaninyooshea kidole chenye kijiwe. "Mnaona? Nilisema mimi! Mtoto huyu amepika na hasira. Tangu asubuhi mdomo umemvimba. Hataki dada yake aolewe, na hasira yote ameimwaga chunguni!"

Wewe ni wa hapa, unajua inavyosemwa, kwamba pilipili iliyotayarishwa na mtu mwenye hasira huwaka mara mbili. Watu wote walinigeukia. Na mimi, kwa sababu ya zile dakika tano, niliinamisha kichwa, na walioniona walisema nimekiri.

Wageni waliondoka. Kapu walilisahau au waliliacha, sijui, na bibi amekataza mtu kulifunua kwa sababu maneno hayakukamilika, kwa hiyo limekaa mbele ya picha za watakatifu siku ya tisa sasa na mikate imekuwa mawe. Leobardo bado anampigia dada simu, lakini mama yake amesema hatarudi kwenye nyumba yenye kijicho. Na dada, ambaye ninalala naye kitanda kimoja tangu nizaliwe, amegeuza mto wake upande wa miguu. Nikimwambia "usiku mwema," zinajibu nyayo zake.

Sasa sikiliza hili. Nyumbani kwetu mbegu za pilipili hazitupwi, bibi huziweka kwenye chupa ya kioo kwa ajili ya michuzi yake mizito, na siku ya tatu nilipokwenda kuitazama, mbegu zilifika pale pale zilipokuwa, chini ya utepe unaoizunguka chupa, hata mbegu moja haikuongezeka. Nikamwuliza shangazi kwa adabu kabisa, "Shangazi, zile mbegu za Jumapili uliziweka wapi?" Akasema, "Nilizitupa. Na wewe sasa umekuwa polisi?" Nikaenda kwenye pipa la takataka ambalo lilikuwa bado halijachukuliwa, nikalipekua lote kwa mikono yangu. Maganda ya vitunguu, mifupa, maganda ya nyanya. Mbegu hakuna.

Baba ameafikiana na Mzee Fulgencio kwamba warudi Jumapili hii, mara moja tu, na shangazi ameshaamua kwamba nitapiga magoti mbele ya wote na kusema nilipika na hasira nikimwonea dada yangu kijicho, ndipo maneno yaendelee. Mama anasema, "Sema tu mwanangu, yaishe." Lakini nikisema, dada ataamini mpaka atakapokufa kwamba sikumtakia heri, na si kweli, nilikuwa nimeshaanza kuota nitakavyompikia harusini. Na nikisema nionavyo, nitakuwa nimemwaibisha dada ya baba yangu mbele ya wakwe. Gazeti lako hutoka Jumamosi, kwa hiyo nitabakiwa na siku moja. Niambie kweli, Bi Refugio, hata kama kweli yenyewe itanihukumu: je, dakika tano za hasira yangu ziliweza kuingia kwenye chungu?

Yolotzin Cuautle

*

Yolotzin, binti yangu,

Haziwezi. Nimeanza na jibu ili ule chakula chako cha asubuhi kwa amani. Sasa kaa nikugombeze.

Jina lako nimeliacha kama ulivyotaka. La shangazi yako nimelibadilisha, ingawa mtaa wote utamtambua kwa kucha.

Nina miaka sitini na minane na nimepika nikiwa na hasira zaidi ya nilivyopika nikiwa nacheka. Nimempikia marehemu mume wangu kuku wa pilipili siku niliyotamani kumpiga na chungu chenyewe, naye akaomba aongezwe. Ukali wa pilipili uko kwenye ile mishipa myeupe ya ndani. Ukiitoa, pilipili inatulia. Ukiiacha, hata malaika akipika, wageni watapata kwikwi. Na tuseme imani hiyo ni ya kweli, haya: hasira inayohesabiwa ni ya mkono ulioshika pilipili. Nani alizishika? Nani alizisaga? Pilipili usiyoisaga yakuwashiani?

Wewe umepekua takataka, maskini, na ushahidi uliuandika mwenyewe bila kuuona. Soma tena barua yako pale kapu linapopokelewa. Mtu aliyetoka kuchambua pilipili ishirini za chipotle kwa mikono mitupu, anajifuta machozi kwa ncha za vidole, na kila mtu anaguswa? Binti yangu, angekuwa amelala sakafuni akiita padri! Mimi nikichambua sita tu, macho yangu siyagusi mpaka kesho yake, na nimenawa kwa mafuta, chumvi na ndimu. Vidole vile havikuwahi kufungua pilipili hata moja. Aliogopea kucha, akazitumbukiza nzima nzima, na mambo yalipoharibika akatafuta mtu mfupi wa kumbebesha. Sidhani alikusudia kuiharibu posa. Lakini mwanamke mzima kumwacha mtoto wa shule ainamishe kichwa kwa ajili ya kucha za kubandika! Na baba yako alikuwa wapi? Na mama yako, wa "sema tu yaishe"? Yaishe kwa nani? Nawaambia wote wawili, maana najua mnasoma: mtoto huyu anawalisha kila siku ya Mungu, na siku moja alipohitaji mtu wa kumsemea, mlikuwa mnatafuta chumvi.

Nawe una kosa lako. Uliondoka jikoni bila kuonja. Chungu kilikuwa chako. Mpishi aliyeombwa kwa jina hatumwi kuoga na mtu yeyote mpaka aonje, na ungeonja, ungeweza kukiokoa kwa nyanya na kuku zaidi na leo usingeniandikia. Usilifanye tena.

Sasa fanya hivi. Leo hii, gazeti likiwa bado mkononi, mfuate Anahí kitandani. Usibishane na nyayo, hamisha mto wako uende nao upande wa miguu, mlale uso kwa uso, umsomee barua yako yote. Mwenye kijicho hapekui takataka ili posa ya dada yake iendelee. Ataliona hilo.

Kisha nenda kwa shangazi yako peke yako, na pilipili kumi na mbili na sahani mbili. Ishirini zilikuwa nyingi tangu mwanzo. Usimshitaki, usimwite mwongo, yeye ni mkubwa wako. Weka sahani moja mbele yake, useme, "Shangazi, nifundishe unavyochambua." Akikataa kwa sababu ya kucha, atakuwa ameshajibu. Akikubali, mtachambua pamoja na vidole vitawaka pamoja, na mara nyingi maneno hutoka vidole vikishawaka. Mpe nafasi ya kusema mwenyewe mbele ya wageni kwamba mkono ulimteleza. Neno hilo moja linatosha, msimtake zaidi.

Na asiposema? Basi Jumapili wewe weka pilipili zako mezani wageni wakiwa wameketi, uzichambue mbele ya Bi Casilda, mbegu ziingie kwenye chupa ya bibi yako, kila mtu azione zikipanda juu ya utepe. Huna haja ya hotuba. Mwanamke yule amepika maisha yake yote, ataitazama chupa, atazitazama kucha, naye atajua.

Magoti usipige. Goti ni la kanisani na la kusugua sakafu.

Mzee Fulgencio aseme maneno yake kwanza, tumbo likiwa tupu, mpaka mwisho. Hapo ndipo bibi afunue kapu. Ile mikate isitupwe: chemsheni chokoleti iliyokuja nayo, mwichovye humo, italainika, na hakuna mkwe atakayejua ilikaa siku kumi na nne ikiwasubiri.

Halafu uingie jikoni, ufunge mlango, uchukue kijiko. Na hata akija askofu kukuambia unanuka vitunguu, onja.

Refugio