Mgonjwa wa Kuresoi

Nakuru, 9 Septemba 1956

Kwako Jeruto, mama Chepkemei,

Pokea salamu zangu mimi niliye mzima, ila kidole kimoja tu kimegongwa na nyundo. Mtoto anaendeleaje? Ng'ombe wanatoa maziwa? Nijibu yote.

Kazi nimepata. Ni kwa Ajit, Kalasinga mmoja anayetengeneza matangi ya maji, yale makubwa ya kuwekwa kando ya nyumba za wazungu kule Milimani. Hajaniandika. Nilimwambia ukweli, kwamba kwa kipande changu, ile karatasi ya kazi, mimi bado ni mtu wa Bwana wetu mwenye shamba huko Kuresoi na hajaniachilia, nikidhani atanifukuza. Akacheka. Alisema kwake karatasi ni taabu, na mtu asiye na karatasi hapigi kelele. Sikupenda vile alivyocheka, lakini nilishika nyundo.

Najua ruhusa niliyopewa ya kwenda kumwona mama kule Buret imekwisha. Mwambie Kiptanui nimerudi nikiwa mgonjwa, nimelala ndani. Ni nyapara, lakini tulitahiriwa pamoja, hatachimba sana. Mimi nataka mabati tu, nijenge kule Buret, tuwe na mahali ambapo hakuna Bwana wa kutuambia tokeni. Barua mpe Kipkorir anayepakia lori ya viazi inayokuja Nakuru. Usipeleke posta.

Ni mimi mume wako, baba Chepkemei,
Kemboi

Kuresoi, 20 Septemba 1956

Baba Chepkemei,

Salamu sana. Mtoto ana kikohozi kidogo, ng'ombe hawajambo. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio hapana.

Kiptanui alikuja asubuhi, baada ya kuita majina na wewe usiitike. Nilisimama mlangoni nikamzuia. Akauliza unaumwa nini. Sasa wewe uliniachia uongo bila kuupa jina, na mimi sikuwa nimefikiria ugonjwa wowote. Nikasema matubwitubwi, ule uvimbe wa mashavu. Alirudi nyuma mpaka akakanyaga kuku. Wanaume wote hapa wanajua matubwitubwi yakimshika mtu mzima yanashuka wapi. Shamba lote linakucheka, na hakuna anayesogea karibu na nyumba. Usinikasirikie, ndio uongo uliokuja.

Nachuma pareto sehemu yangu na yako. Nikirudi napika uji wa mgonjwa nje ili majirani waone, naingia nao ndani, naunywa mwenyewe. Hata naongea na kitanda. Naogopa, Kemboi. Mbwa akibweka nafikiri ni wao. Wakijua umetoroka, wewe utafungwa, na sisi tutatupwa barabarani pamoja na ng'ombe, mahindi yakiwa bado mabichi shambani. Mwaka mzima wa jasho ubaki wa Bwana.

Mke wako,
mama Chepkemei

Nakuru, 4 Oktoba 1956

Mama Chepkemei mpenzi,

Kikohozi cha mtoto kimepona? Mimi nipo, nashukuru Mungu.

Nilicheka juu ya matubwitubwi mpaka Odero akauliza kama nimerukwa na akili. Odero ni Mjaluo, ndiye tunafanya kazi pamoja, naye hajaandikwa. Nilipomweleza alianza kuniita mgonjwa. Nikiingia kazini ananiuliza uvimbe umefika wapi.

Lakini kuna jambo. Tangi linatengenezwa na watu wawili. Mmoja anaingia ndani anashikilia chuma, mwingine anagonga kwa nje. Mimi ndiye mwembamba, kwa hivyo ndani ni mimi. Sasa juzi alikuja mzungu wa serikali, yule anayezunguka kuangalia nani ameandikwa na nani hajaandikwa. Ajit akapaza sauti aletewe chai, na hiyo ndiyo ishara yetu ya kujificha. Odero akaruka ua kwa nyuma. Mimi nilikuwa ndani ya tangi tayari, Ajit akafunika kifuniko. Nilisikia viatu vya yule mzungu vikizunguka, halafu akagonga tangi kwa fimbo, akasifu kazi. Jeruto, nilikojoa. Sijamwambia mtu mwingine.

Mabati yanakaribia kutosha. Nivumilie kidogo tu.

Mume wako,
Kemboi

Kuresoi, 15 Oktoba 1956

Kemboi,

Salamu kwanza, na mtoto amepona. Mengine si mazuri.

Bwana ameuliza kuhusu wewe. Kiptanui alinijia faraghani, hata hakutaka kukaa. Alisema, "Mke wa ndugu yangu, mimi sijaona mgonjwa na sitaki kuona. Lakini Bwana atakuja na daktari, na huyo haogopi matubwitubwi." Nafikiri anajua. Sijui atanyamaza mpaka lini, naye ana watoto wake hapa.

Rudi. Wacha mabati. Rudi uingie ndani ulale, daktari akukute umekonda, na kukonda najua umekonda. Usinijibu kwa barua. Jibu kwa miguu.

Ni mimi mkeo,
Jeruto

Nakuru, 24 Oktoba 1956

Mama Chepkemei,

Salamu. Nimekusikia, nakuja Jumamosi na lori ya Kipkorir.

Ningekuja leo, lakini Ajit amesema nikimaliza tangi la mwisho ndipo atanipa haki yangu, na nikiondoka kabla, atasema hanijui. Hili tangi tunalipaka lami kwa ndani. Harufu yake inaingia kichwani, natoka nikiyumba, na macho yanatoka machozi. Odero anataka tupokezane lakini ni mnene, hapiti. Yule mzungu wa serikali ameonekana tena mtaa huu, na Ajit amekuwa mkali kwa sababu ya hofu. Mimi pia naogopa, nakwambia ukweli. Siogopi kufungwa. Naogopa kile kifuniko.

Jumamosi utaniona. Nitandikie.

Mume wako,
baba Chepkemei

Kuresoi, 11 Novemba 1956

Kwa shemeji Odero,

Salamu. Hunijui, lakini nakujua kwa barua. Kipkorir alinieleza maneno yako yote, nikiwa nimebeba kikapu cha pareto, na watu wakipita. Sikukiangusha.

Nimejua kwamba yule mzungu wa serikali alikuja, na Ajit akafunika tangi likiwa na lami mbichi, kisha wakanywa chai, mpaka Kemboi akawa hagongi tena. Nimejua ulikuwa nyuma ya ua, na huna karatasi, ukashindwa kutokea. Sikulaumu, shemeji. Nimejua pia Ajit aliwaambia polisi kwamba ni mtu asiyemjua aliyeingia kuiba, na kwamba manispaa imemzika bila jina. Kama unajua ni wapi, weka jiwe.

Nakuomba jambo lingine moja. Usilete rambirambi, wala usimtume mtu. Daktari alipokuja nilisema Kemboi amepelekwa Buret kwa mama yake kutibiwa kwa miti shamba. Bwana alifoka sana, halafu akasema madhali nafanya kazi ya watu wawili, atamngoja. Anayeruhusiwa kukaa hapa ni mume. Mjane hana ruhusa. Nikisema leo kwamba amekufa, kesho mimi na mtoto na ng'ombe tuko barabarani, na mahindi yake yote aliyolima yanabaki.

Kwa hivyo huku bado anaumwa. Jana Kiptanui aliniuliza habari zake, nikamjibu kwamba sasa anakula kidogo. Chepkemei anauliza baba atakuja lini. Sijamwambia, mtoto ana mdomo. Kichwa sijanyoa. Natembea na nywele zangu kama mwanamke mwenye mume.

Mahindi yatakauka mwezi wa Januari. Yakishaingia magunia yote, ndipo mume wangu atakufa, nami nitalia.

Shemeji yako,
Jeruto