Msinikabidhi Nyumba ya Shangazi kwa Kuniamini Tu

Buguruni, Dar es Salaam

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla ya habari nyingine naliweka wazi neno nitakalolitetea katika barua hii yote: ukoo usinikabidhi mali ya Shangazi Somoe kwa sababu tu unaniamini. Imani yenu naiheshimu, lakini haimlindi yeye, inanilinda mimi.

Natumaini umzima, na kifua kimetulia baada ya kazi ya kupulizia mikorosho dawa. Mama naye nasikia mguu umepata nafuu. Mimi sijambo. Nimehama Tabata, sasa nalala katika chumba cha mbele cha Shangazi, maana haifai tena abaki peke yake. Ajira bado, kila ofisi ninayobisha hodi wanapunguza watu, hawaongezi. Nafundisha masomo ya jioni watoto wa wafanyabiashara.

Dada yako asubuhi ni yule yule: anamjua kila mpangaji, na nani ameacha mlango wazi. Jua likipanda anaanza kupotea. Jana aliniita kwa jina la marehemu mumewe, akanigombeza kwa kuchelewa kurudi kutoka bandarini. Nilimwomba radhi, akanisamehe.

Baba mdogo Issa alikuja kutoka Kimara na barua yako, pamoja na hati iliyokwisha kupigwa chapa. Kwa hati hiyo Shangazi ananipa mimi uwezo wote juu ya nyumba yake: kupokea kodi, kukopa, kuuza. Mnunuzi alikwisha kupatikana, mfanyabiashara anayetaka kujenga ghala karibu na soko. Tukampeleka Shangazi kwa wakili, mchana. Karani akamshika mkono, akamchovya dole gumba kwenye wino.

"Haya bibi, weka hapa."

"Leo mnatoa kilo ngapi?" Shangazi akauliza.

"Kilo za nini, bibi?"

"Sukari. Mwezi uliopita mlinipunja. Na sabuni mlisema imekwisha, mie nikaiona kwa mke wa mjumbe."

Karani alicheka. Mimi sikuweza. Unalikumbuka duka la ushirika, jinsi kila kaya ilivyoandikishwa na kuweka dole ndipo ipimiwe. Duka lile limefungwa siku nyingi, na sukari sasa imejaa kila kibanda, lakini yeye alikuwa bado amepanga foleni pale. Nilimfuta wino nikamwambia karani kwamba hatuendelei.

Nje, Baba mdogo alinijia juu.

"We msomi, unanivunjia heshima mbele za watu? Mie sikukuita utoe mhadhara. Nimekuita upokee hati."

"Baba mdogo, anadhani anachukua sukari."

"Basi mnunulie sukari. Ningetaka kula mali ya dada yangu, ningeandika jina lako?"

Swali lake ni zuri, na nimelitafakari. Hana nia mbaya. Bati linavuja, hospitalini siku hizi tunachangia gharama, naye anataka dada yake arudi nyumbani atunzwe na ndugu. Lakini tuifuate hoja yake hadi mwisho. Dole likishawekwa, hakuna mtu yeyote anayepaswa kuniuliza kitu. Leo nina heshima zangu. Kesho nikioa, nikiugua, nikitamani kufungua biashara kama kila mtu mjini hapa, nitaanza kwa kuazima kodi ya chumba kimoja, na nitajiambia kwa moyo mweupe kwamba nitairudisha. Tena hati yenyewe ingekuwa batili. Aliyeweka dole bila kuelewa hajampa mtu chochote. Na hata kama angeelewa siku hiyo, uwezo alioutoa hausimami tena akili yake ikimtoka.

Nilimwuliza wakili kijana niliyesoma naye chuoni. Akanieleza kwamba mahakamani iko njia: daktari athibitishe hali yake, kisha mahakama imteue msimamizi wa mali, ambaye anawajibika kutoa hesabu, na ambaye hawezi kuuza nyumba wala kuiweka rehani bila ruhusa. Baba mdogo anasema njia hiyo ni ndefu na ina gharama. Ni kweli. Lakini kodi ya vyumba inatosha dawa na bati tukiwa tunasubiri. Mwenye haraka hapa ni mnunuzi, si mgonjwa.

Mimi naongeza kwamba kodi ipokewe na watu wawili wasiokula chungu kimoja, na Shangazi aulizwe matakwa yake asubuhi, akiwa yupo. Nimekwisha kumwuliza, akichambua mchicha. Alisema, "Nikifa uzeni mtakavyo. Ila msiiuze nami nimo ndani, mkanihesabu pamoja na milango."

Utasema, kama alivyosema Baba mdogo, kwamba kupeleka mambo ya ukoo mahakamani ni kujivua nguo. Nakataa. Mtu wetu akifariki, ukoo hukaa kikao, ukamteua msimamizi wa mirathi mbele ya mashahidi, na hakuna anayeona aibu. Kwa nini maiti apate mashahidi, na aliye hai akose?

Nisalimie Mama, na dada yangu mkubwa pamoja na wanawe. Bibi mzaa mama mwambie kanga aliyoagiza nimeshaipata. Salamu za heshima zimfikie mwalimu wangu wa madrasa, ambaye ndiye aliyenizoesha ubishi huu.

Barua hii, Baba, usiisome peke yako. Naomba isomwe kwenye kikao cha ukoo baada ya swala ya Ijumaa. Baba mdogo Issa nimempa nakala, naye ana haki ya kunipinga. Kisha nijibiwe kwa maandishi, na jibu lisomwe mbele ya wote kabla halijatiwa kwenye bahasha. Nataka jibu liwe na jina: ni nani kati yenu atakayesimama na kusema kwamba ndiye atakayenidai hesabu ya mali ya Shangazi? Bila jina hilo sitashika hata ufunguo.

Mwanao akupendaye,
Hamisi